Mrejesho: mandhari meusi kwenye mfumo wa ankara

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza namna ya kuugeuza mweusi mfumo wetu wa ankara na stoku, ule tunaoufungua kwenye kivinjari, maana ikifika saa kumi jioni macho yananichoma na mfumo wenyewe hauna kitufe hicho.

Nilianza na kiendelezi (kiprogramu kidogo cha kuongeza kwenye kivinjari) cha kugeuza rangi, kama mlivyonishauri. Siku mbili raha. Ya tatu nikampitisha mteja mwenye deni: tarakimu nyekundu zilikuwa zimegeuka rangi ya damu ya mzee juu ya weusi, sikuziona kabisa. Nikakizima.

Halafu daktari wa macho akaniambia nina astigimatizimu, yaani jicho halina mviringo sawa na huona kwa ukungu. Kwa wengi wenye macho haya, herufi nyeupe kwenye giza hutawanyika, kama taa za gari usiku kwenye kioo chenye mvua. Kumbe nilikuwa najiongezea tatizo!

Kilichosaidia ni miwani, kushusha mwanga wa skrini na kukuza ukurasa hadi 125%. Kubwa zaidi, niliwaandikia waliotengeneza mfumo. Vichwa vya safu vilikuwa kijivu #999999 (namba ya rangi) juu ya nyeupe, uwiano wa mwangaza kati ya herufi na usuli wa takriban 2.85 kwa 1, ilhali WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, kwenye kiwango chake cha kati cha AA, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Wameweka #595959, kijivu cheusi zaidi, ambayo inafika 7 kwa 1. Na deni sasa lina neno "DENI" pembeni, si wekundu peke yake.

Mandhari meusi wameahidi. Mimi siyasubiri tena, ila mwenzangu wa zamu ya usiku anayaulizia kila siku.