Uzi: Wenye presha, kolesto au historia ya moyo na huku mnapambana na sonona, tupeane uzoefu (Dodoma na Kanda ya Kati)

Mtumishi wa Ilazo (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Humu kuna nyuzi za presha na nyuzi za sonona, kila moja ina watu wake. Mimi nina kiti kote kuwili. Presha niligundulika nikiwa bado Dar, kolesto ikafuata, na upande wa baba kuna wanaume walioondoka na moyo kabla hawajastaafu. Serikali ilipohamia huku nami nikahama na mafaili. Mke na watoto wamebaki Dar, kazi yake na shule zao ziko kule. Mnaoishi hivi mnajua. Treni ya SGR imepunguza makali, sikatai, lakini Jumapili usiku unarudi palepale: kitanda, jiko la gesi, simu.

Sikuwa nalia wala nini. Nilichoka tu. Chakula hakipandi, mpira siangalii, saa tisa usiku niko macho nahesabu mabati. Nikajua presha hiyo. Kliniki wakapima, presha iko vizuri. Daktari, kijana mdogo tu, akaniuliza maswali mawili: wiki mbili hizi umekosa hamu na vitu ulivyokuwa unavipenda? Umejisikia mnyonge, huna tumaini? Yote ndiyo. Akanipa karatasi ya maswali tisa, nikajaza, akasema hii ni sonona ya wastani, na kwa mtu mwenye moyo kama wako hatuiachi hivihivi. Akataja habari ya mchochota wa ndani ya mwili unaogusa moyo na akili kwa pamoja. Nje foleni ilikuwa ndefu, sikumchimba sana.

Sasa naomba wajuzi watufafanulie, na waliopitia waseme walivyopitia. Wa Singida, Manyoni, Mpwapwa, Kondoa karibuni. Hospitali mliyokwaruzana nayo msiitaje jina, uzi usije ukafungwa.

Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Huyo daktari alikuuliza vizuri, wengi hawaulizi.

Ukijikata kidole kinavimba, kinakuwa chekundu, kina joto. Huo ndio mchochota, kinga ya mwili iko kazini, na kazi ikiisha unaondoka. Shida ni ule usioondoka. Ni moto wa pumba: mwali huuoni, chini kunaungua. Unachochewa na kitambi, sigara, sukari isiyodhibitiwa, fizi zinazotoka damu, usingizi mbovu. Yale mafuta ya tumboni hayajakaa bure, yanatoa kemikali zinazoiamsha kinga. Ini likipokea taarifa linatengeneza protini inayoitwa CRP, ndiyo wanayoipima kwenye damu.

Kwenye mishipa ya moyo, lehemu (hiyo kolesto yenu) iliyojibanza ukutani inachochewa hadi utando wake unakuwa mwembamba. Siku ukipasuka, damu inaganda papo hapo, mshipa unaziba. Na kemikali hizohizo zinapeleka habari kwenye ubongo. Kumbuka ulipougua malaria: ulitaka stori na mtu? Ulitaka kula? Mwili wenyewe unakuambia jifungie ndani. Sasa habari hiyo ikitumwa kidogokidogo miezi na miezi, mtu anabaki hivyohivyo bila homa. Wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliokuwa wakichomwa interferoni, ambayo inaamsha kinga, si wachache waliingia kwenye sonona katikati ya matibabu. Hilo ndilo lililowafumbua macho wataalamu wengi.

Na inarudi upande wa pili. Mwenye sonona halali, hatembei, anaongeza sigara, homoni za msongo zinabaki juu. Mchochota unazidi.

Baba wa Nkuhungu

Mbukwenyi. Naomba nitofautiane kidogo. Wazee wetu walilima uwele kwenye ukame, njaa ikapiga, na hatukusikia sonona. Haya ni maisha magumu tu, mmeyapa jina la hospitali.

Mwana wa Kibaigwa

Mzee wangu, kwa heshima yote, baba yangu alikuwa anasema hivyohivyo.

Amefanya biashara ya mahindi pale soko la Kibaigwa tangu niko mdogo. Alipata shambulio la moyo, akalazwa, Mungu akasaidia akatoka. Familia tukashangilia. Nyumbani akabadilika. Mtu wa kelele, wa utani na madalali, akawa anakaa uani anatazama geti. Watu wakija kumpa pole anaingia ndani. Tukasema anapumzika, auache moyo upone. Dada yangu ndiye aliyekuja kuona dawa zimejaa kwenye droo. Hakuwa amesahau. Alimwambia dada waziwazi: "Nikinywa nisipokunywa, ni yaleyale."

Hospitali ya kwanza tuliyomrudisha walimgombeza tu kuhusu dawa. Wakamwandikia upya, wakampa tarehe. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Ni mpaka tulipofika kwa daktari mwingine ndipo akakaa naye peke yake, sisi tukatolewa nje. Alipewa dawa ya sonona na akawa anaonana na mshauri. Haikuwa haraka, wiki za kwanza hatukuona kitu, mama akakata tamaa. Baadaye akaanza kuuliza bei ya gunia. Tulijua tu hapo kwamba anarudi.

Kwa hiyo mzee wangu wa Nkuhungu, maisha magumu yapo. Ila na ile droo ipo.

Mwanafunzi wa Udaktari

Niongezee hapo kwa Mwana wa Kibaigwa. Mwaka 1993 Nancy Frasure-Smith na wenzake wa Montreal walitoa utafiti wa wagonjwa 222 waliolazwa kwa shambulio la moyo. Waliokuwa na sonona walikuwa na hatari ya kufa ndani ya miezi sita takriban mara nne ya wenzao, hata baada ya kuzingatia ukubwa wa ugonjwa wenyewe. Mwaka 2014 jopo la Chama cha Moyo cha Marekani likapendekeza sonona itambuliwe rasmi kuwa kihatarishi kwa aliyetoka kwenye shambulio. Kwa hiyo siyo jina la hospitali tu, mzee.

Kuhusu mchochota, jaribio kubwa ni la 2017, liliitwa CANTOS. Watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio na CRP yao iko juu walichomwa dawa inayozima kemikali moja ya mchochota, bila kushusha lehemu. Mashambulio, viharusi na vifo vya moyo, vikijumlishwa pamoja, vilipungua kama asilimia 15 kwa dozi ya kati. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka, maana kinga umeifunga mkono. Ndiyo maana hamuioni kwenye kliniki zetu.

Upande wa sonona, 2013 walijaribu dawa ya namna hiyo kwa watu ambao dawa za kawaida zimegoma. Kwa ujumla haikushinda dawa ya mfano, ile isiyo na kitu ndani. Walioonekana kunufaika ni wale wenye CRP zaidi ya miligramu 5 kwa lita. Maana yake siyo kila sonona ina mchochota. Asije mtu akakuuzia kipimo cha CRP akakuambia ni kipimo cha sonona.

Bodaboda Chang'ombe

Mmenifungua wakuu. Sasa swali la kijinga: kama ni mchochota, si ninunue diklofenaki, dawa ya maumivu, pale duka la dawa nimalize kazi? Mgongo nao unaniuma, naua ndege wawili.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, shika breki hapohapo!

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake zinatuliza maumivu, lakini kwa mwenye presha zinapandisha presha, zinabana figo, zinashikilia maji mwilini, na diklofenaki hasa inaongeza hatari ya shambulio la moyo. Nimeona watu presha haishuki, wanaongezewa dawa juu ya dawa, kumbe kila jioni mtu anameza diklofenaki za mgongo na hajasema kwa sababu "hizo si dawa, ni za maumivu". Ukiwa na presha, muulize daktari kabla, wengi wataanza na parasetamo.

Kinachopunguza mchochota bila kukuumiza unakijua tayari, hutaki tu kukisikia: acha sigara, punguza kitambi, tembea, lala, safisha meno, kamata sukari. Dawa za kolesto za jamii ya statini nazo zinashusha CRP pamoja na lehemu, kwa hiyo ukiandikiwa usiziache ukiona kipimo kimekuwa kizuri.

Bibi wa Kondoa

Mimi nina baridi yabisi, ile ya kinga kushambulia viungo, siyo ya uzee. Vidole asubuhi havikunji, kanga nafungwa na mjukuu. Miaka nimekuwa nikiambiwa huzuni yangu ni kwa sababu ya maumivu, basi. Ni kweli, maumivu yanachosha. Lakini kuna siku viungo vimetulia kabisa na bado sitaki kutoka kitandani. Daktari wangu wa sasa ndiye aliyenieleza kwamba ugonjwa huu ni mchochota wa mwili mzima, na sisi tuna hatari kubwa zaidi ya moyo kuliko wenzetu wa umri uleule. Ananipima presha na lehemu kila nikienda, na anauliza moyo wangu wa ndani ukoje. Anauliza hivyohivyo, "bibi, moyo wa ndani?" Nampenda kijana yule.

Mkazi wa Area C

Mimi nilipewa rufaa ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Dodoma ukitaja Mirembe watu wanakuangalia mikono kama umeshika mawe. Nilikaa na karatasi ile kwenye mkoba, nikimwambia mume naenda sokoni Majengo. Nilipokwenda, nikakuta watu wamevaa kama mimi, mwalimu, mama wa mboga, wanasubiri kuitwa, wanachati. Niliongea, nikapangiwa kurudi. Kanisani naombewa pia, na mchungaji mwenyewe aliniambia dawa nisiache. Presha yangu ilikuwa inapanda na kushuka bila mpangilio, sasa imetulia, na nadhani ni kwa sababu nakumbuka dawa na nalala.

Mtumishi wa Ilazo

Ahsanteni sana wote. Mimi nimeanza kutembea jioni, nazunguka Chinangali hata kama vumbi la Dodoma linanipiga. Mama nesi, swali la mwisho. Jirani alinipa amitriptilini za kulalia, anasema zimemsaidia. Na hizo vipi?

Nesi Mstaafu

Za jirani rudisha. Amitriptilini ni dawa halali na ya bei nafuu, ila inaweza kuvuruga mapigo, na kwa mwenye tatizo la moyo inahitaji daktari anayejua. Sertralini, ambayo ni dawa ya sonona, ilijaribiwa kwa watu waliotoka kwenye shambulio, matokeo yakatoka 2002, haikuonekana kuudhuru moyo. Hata hiyo, kama unatumia aspirini sema, maana zikiwa pamoja damu inatoka kirahisi tumboni. Na ukifika mahali pa kuwaza kujidhuru, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda usiku huohuo na mtu wa kukushika mkono.

Siku ya kliniki beba kila unachomeza, weka kwenye mfuko mmoja, mwaga mezani kwa daktari.

Bodaboda Chang'ombe

Hata ile mizizi ya nguvu ya pale stendi?

Nesi Mstaafu

Hata hiyo mwanangu. Na useme unaichemsha kiasi gani.