Naombeni ushauri: Corvair ya 1962, tairi la spea halivai

Bin_Pangani

Wakuu, habarini za jioni. Niko Grand Rapids, Michigan. Mwezi uliopita nilinunua gari nililolitamani tangu nifike nchi hii, Chevrolet Corvair Monza ya 1962. Ndiyo ile yenye injini nyuma, silinda sita zimelala, haina rejeta, inapozwa na hewa tu. Namba ya chesisi ina herufi W, maana yake iliunganishwa kiwanda cha Willow Run, mwendo wa kama saa mbili kutoka ninapokaa. Nalipenda hili gari, wala sifichi.

Yadi iliyoniuzia kazi yao hasa ni magari ya miaka ya karibuni. Hili lilikuja kwao kwa mteja aliyebadilishana. Waliniambia spea ya asili ipo. Kweli nilipofungua kifuniko cha nyuma nililikuta tairi limelazwa juu ya injini, nikaridhika.

Jumamosi iliyopita nikiwa na mwanangu njia ya Muskegon, tairi la mbele kushoto likapata pancha. Nikapiga jeki, nikafungua nati, nikaleta spea. Haivai! Tumekaa kando ya barabara kwa muda wa saa tatu tukisubiri gari la kuvuta, malori yanapita yanatutikisa. Mtoto ana miaka tisa.

Kisha duka la matairi wakaziba pancha na kujaza upepo matairi yote manne sawasawa, paundi 32. Tangu hapo nikiingia kwenye kona nahisi mkia wa gari unataka kunipita. Kabla ya hapo halikuwa hivi. Naombeni mnisaidie: spea nitafute ipi, niiweke wapi, na huu upepo ukoje?

Fundi_Likoni

Pole sana wewe na kijana. Swali moja kabla ya yote: rimu ya spea ina matundu mangapi ya nati, na kwenye gari kuna stadi (bolti za kufungia gurudumu) ngapi?

Bin_Pangani

Fundi, nimetoka kuhesabu sasa hivi. Gari lina stadi nne. Spea ina matundu matano.

Fundi_Likoni

Basi hapo ndipo penyewe. Waliokupa spea waliona tu ni rimu ya inchi 13, wakadhani yatosha. Hilo la upepo nalijua kwa Volkswagen Beetle, maana nimezitengeneza miaka mingi. Gari lenye injini nyuma halijazwi upepo sawa mbele na nyuma, mbele huwa kidogo. Nyie wenye Corvair mtamwambia namba zake.

Mdau_Windsor

Nimeona uzi huu nikiwa kazini nikashindwa kusubiri jioni. Mimi nina Corvair ya 1963, nimekaa nayo miaka kumi na moja, nipo Ontario.

Corvair za 1960 hadi 1964 zina stadi nne. Kuanzia 1965 hadi uzalishaji ulipokoma 1969 zina tano. Kwa hiyo hiyo spea ni ya Corvair ya kizazi cha pili au ya Chevrolet nyingine. Yadi walisema "ya asili" bila kuhesabu matundu. Tafuta rimu ya stadi nne ya 1960 hadi 1964, usikubali mtu akutobolee matundu mapya.

Sasa upepo, na hapa nakuomba usome taratibu. Kitabu cha kiwandani kwa gari lako kinasema paundi 15 mbele na 26 nyuma, matairi yakiwa ya baridi. Watu wakisikia 15 wanadhani ni kosa la uchapaji, si kosa. Uzito mwingi uko nyuma. Halafu ekseli za nyuma za gari lako zina kiungo upande wa difu tu (gia ya katikati inayogawa nguvu kwa magurudumu), upande wa gurudumu hakuna. Ukikata kona kwa kasi, gurudumu la nje linaweza kujikunja kuelekea chini ya gari na nyuma ya gari ikainuka. Upepo mdogo wa mbele unafanya mbele ianze kuteleza kabla ya nyuma, na dereva wa kawaida anaimudu hali hiyo. Duka likijaza 32 kote, ile kinga imeondoka. Mkia unaouhisi ni huo. Tatizo hili ni la tangu gari likiwa jipya: wenye magari hawakuambiwa kwa msisitizo, na vituo vya mafuta vilijaza kwa mazoea. Ralph Nader, wakili mtetezi wa walaji, alilisema mwaka 1965. Ripoti ya serikali ya 1972 ikaja kusema Corvair za 1960 hadi 1963 hazikuwa mbaya kuliko magari mengine ya wakati ule, lakini mimi hilo halinifanyi nipuuze geji ya upepo.

Namba hizo ni za matairi ya zamani, yale yasiyo ya radial (aina inayotumika siku hizi). Kama umevaa radial za 185/80R13 kama wengi wetu, unaweza kupandisha. Mimi naweka 20 mbele na 30 nyuma. Pengo la paundi kumi silivunji.

Kuhusu mahali: mwaka 1960 spea ilikaa buti ya mbele. 1961 wakaihamishia kwenye injini ili mizigo ipate nafasi, isipokuwa magari yenye kiyoyozi. Kule nyuma joto linaikausha raba mwaka mzima. Mimi nimeirudisha mbele na kuifunga kwa mkanda imara isirukeruke. Mizigo inabanwa, ni kweli, ila mbele inapata uzito inaouhitaji. Spea yenyewe ijaze upepo wa nyuma. Ukija kuivalisha gurudumu la mbele, unapunguza tu. Ukiijaza kidogo, pampu ya kuongezea barabarani utaitoa wapi? Na beba mkanda wa feni wa ziada pamoja na spana zake. Ukikatika, injini haipozwi tena, unasimama papo hapo.

Mama_Nuru

Rudi yadi na karatasi za mauzo. Kama wameandika spea imo, wakupe inayovaa. Nenda na picha ya matundu manne na matano pembeni yake.

Kaka_wa_Valiant

Naongeza kwa wanaotafuta vipuri vya wenzake na Corvair, yaani magari madogo ya Marekani ya wakati ule kama Valiant na Comet. Valiant ya 1960 ukiitafuta chini ya jina la Plymouth unaweza usiipate, kwa sababu mwaka ule Valiant ilikuwa jina la peke yake. Plymouth ilibandikwa 1961. Comet nayo iliuzwa kwa mawakala wa Lincoln-Mercury bila jina la Mercury hadi 1962. Na kwa kuwa tunazungumzia spea, ule mviringo kama tairi kwenye kifuniko cha buti ya Valiant ni umbo la bati tu, hakuna tairi pale.

Bin_Pangani

Wakuu, mrejesho. Matairi yangu ni radial, nimeweka 20 na 30. Nimepita kona ileile ya jana kwa mwendo uleule, gari limetulia kabisa. Geji nimenunua yangu.

Yadi wamekubali kuirudisha ile rimu, lakini ya stadi nne hawana. Nimepata moja kwa mwanachama wa chama cha wenye Corvair hapa Michigan, naifuata Jumamosi. Safari hii nitaivisha kwenye gari kabla sijalipa. Mwanangu amesema yeye ndiye atakayehesabu matundu.