Mjadala: "Kula" tumelipata kwa Waarabu?

Mwalimu wa madrasa, Arusha: Nashikilia kwamba ni la Kiarabu. Ukimwamuru mtu ale unamwambia "kul". Nasi tunasema "kula!" Sahani na halua tulizipokea kwao, kwa nini si kitendo chenyewe?

Mwalimu wa Kiswahili, Moshi: Hapana, shehe. Livunje neno. "Ale", "sili", "mla", "mlo": ku- imekwenda wapi? Ni kiambishi tu. Mzizi ni -l-. Ku- hubaki katika "anakula" kwa sababu mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na -na- haiwezi kuubeba. Ingiza mtendwa, ku- inaondoka: simba "anamla" swala. Kwa Waarabu k ni ya mzizi: "akala" kwao ni "alikula". Ukiitoa, neno limekufa.

Halafu kanusha. "Ninakula" huwa "sili", a inageuka i. "Ninasafiri", lililotoka Kiarabu, huwa "sisafiri", mwisho haugeuki. Hapa kwetu Wachaga wa Vunjo husema "ilya", na chakula ni "kelya". Waganda "okulya", Wazulu "ukudla". Huko kwa Wazulu "kul" ilipelekwa na nani?

Mkalimani, Arusha: Naongeza tahadhari. Kufanana kwa sauti si undugu. Kwa Kimaasai -nya ni kula. Kwa Kiswahili kunya ni kwenda haja kubwa. Mkalimani akichanganya hapo, ameaibisha watu mezani. Undugu hupimwa kwa mabadiliko yanayojirudia, kama mwanaisimu Mjerumani Meinhof alivyoonyesha mwaka 1899 kwa lugha za Kibantu. Penye l yetu, Kikuyu huweka r: kula, kũrĩa, kulima, kũrĩma, kulia machozi, kũrĩra. Neno moja lingekuwa bahati tu. Kwa "kul" na "kula", ndugu yangu, jozi ya pili iko wapi?

Mwalimu wa madrasa: Hiyo "sili" imenishinda, mzizi nauachia. Lakini maana je? "Kula mali ya yatima" imo katika Kurani, sura ya 4 aya ya 10, kwa kitenzi hicho hicho cha kula. Msiseme msemo huo umejiotea.

Mwalimu wa Kiswahili: Wa yatima nakupa, shehe. Ila Waganda husema kabaka, mfalme wao, "amekula Buganda" anapotawazwa, yaani ameimiliki. Hapo sioni Kurani, naona Ubantu.

Mkalimani: Basi "kula rushwa" tuuweke upande gani? Rushwa ni ya Kiarabu, -l- ni yetu. Na "kula kiapo" ni wetu pande zote mbili.