Naomba ushauri: kona za ovali fupi kwenye Assetto Corsa zinanisumbua

Wakuu habari, naombeni msaada kwa wale wenye uzoefu wa Blender (programu ya kuunda maumbo ya 3D). Natengeneza ovali fupi (uwanja mdogo wa mbio za magari wenye umbo la yai) ya hapa karibu niiweke kwenye Assetto Corsa, ile gemu ya mbio za magari, umbo lake nimelichora juu ya picha za setilaiti na limekaa poa tu, ishu ni kona. Kona zimelala kuelekea ndani, sasa data za mwinuko za bure nukta moja ni kama mita 30, inameza upana wote wa barabara, kwahiyo ukizifuata kona inatoka flati kama meza! Nafikiria niende na ubao mrefu ulionyooka pamoja na app ya simu ya kupima nyuzi, nipime chini, kati na juu maana kwa macho naona ulalo haulingani, ila sijui nipime kila baada ya mita ngapi.

Halafu pale sehemu nyoofu inapoanza kulala kuingia kona gari linaruka, tairi ya mbele ya ndani inanyanyuka kabisa. Nimeigawa meshi ya 1ROAD (umbo la 3D la uso wa barabara) vipande vidogo vidogo, afadhali kidogo lakini bado. Je nitenganishe meshi ya fizikia (ile tairi zinayoikanyaga) na ile inayoonekana, au mwinamo wenyewe ndo unaanza ghafla mno? Na ukuta wa nje, 1WALL, ukiugusa tu gari linanasa badala ya kuteleza nao.

Taa na majukwaa hayana haraka. Mwenye kujua anielekeze, hata kwa kifupi tu.