Tupeane uzoefu: tunaofanya kazi na kusomesha chini ya wakuu wa shule Walatino huku Marekani

Wanajamvi, habari za siku. Mimi ni mwalimu msaidizi shule ya msingi, Texas. Mkuu wetu ni mama wa asili ya Mexico, na anayobebeshwa sijaona Mzungu wa cheo chake akibebeshwa. Takwimu za serikali za 2020–21 zilionyesha wakuu wa shule za umma Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) ni kama asilimia 9, ilhali wanafunzi Walatino wanapita robo. Ndiyo maana kila kitu kinawaangukia hao wachache.

Mfano, kikao cha mtoto mwenye mahitaji maalumu. Mkalimani hajatokea. Mkuu anaongoza kikao, hapo hapo anamgeukia mzazi kumwambia kwa Kihispania mwanasaikolojia kasema nini, anarudi kuandika, simu ya upepo kiunoni inamwita bwaloni. Posho ya ukalimani? Sifuri.

Haya, leteni yenu.

MamaWatatu, Arizona: Sisi Wakongomani, tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuja. Mtoto wangu wa pili aliwekwa kundi la wanaodhaniwa wazito wa kuelewa, kumbe shida ni Kiingereza tu. Mwalimu mkuu, Mlatino, alitafuta mkalimani wa Kiswahili kwa simu, akaweka spika mezani, akauliza nyumbani hesabu tunafanya kwa lugha gani. Mtoto akapimwa upya. Kwenye kikao cha bodi kuna mzazi alisimama kusema mkuu anapendelea wageni. Akamwacha amalize, akafungua faili la simu za wazazi zilizokosa wa kuzijibu, akasoma moja moja.

DerevaWaNjano: Januari 2025 serikali ilipofuta mwongozo uliowazuia maafisa wa uhamiaji kukamata watu shuleni, asubuhi viti vya basi langu la shule vikaanza kubaki vitupu. Mkuu aliwaita watu wa mapokezi: afisa hapiti mlango wa ndani bila hati yenye saini ya jaji, na mtoto haulizwi makaratasi. Kwamba mtoto asiye na makaratasi ana haki ya kusoma bure shule ya umma, Mahakama ya Juu ilishaamua 1982, kesi ya Plyler dhidi ya Doe. Kisha akawa anasimama mwenyewe kituoni na jaketi la kung'aa, huku ndugu zake wamejifungia ndani.

Mbishi: Nitawaudhi. Wangu alikuwa mkali kwa Walatino wenzake kuliko kwa yeyote. Anaogopa kuambiwa anabeba watu wake. Kihispania ofisini hagusi.

Mleta mada: Mbishi, huo nao ni mzigo. Mtu anayeviziwa kila neno ataongea saa ngapi?

KakaCT: Msimsahau Miguel Cardona. Mzaliwa wa Meriden, Connecticut, wazazi wa Puerto Rico, kaanza shule anaongea Kihispania. Akawa mkuu wa shule ya msingi mji huo huo, na 2021 waziri wa elimu.

Mbishi: Sawa, ila waziri hakuja kutafsiri kikao cha mtu.

MamaWatatu: Mleta mada, mama yenu ameshaletewa mkalimani? Sisi wazazi tuliandika barua moja, Waswahili na Walatino, tukapewa wa siku mbili kwa wiki. Nikutumie nakala?