Waliodungwa sindano ya bega, njooni mtueleze: ilisaidia, na kwa muda gani?

Fundi Randa (Nakuru)
Salaam nyote. Mimi ni seremala, miaka 26 kwenye randa na msumeno, karakana iko Bondeni. Bega la kulia limegoma. Mwanzo lilikuwa linalia tu, krr krr, kama bawaba kavu. Sasa hata kutoa pochi mfuko wa nyuma ni shughuli, na usiku nikiligeukia naamka. Eksirei imeonyesha gegedu limelika na mfupa umeota vipembe pembeni. Daktari anataka kunidunga steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya kiungo. Aliyedungwa bega aseme alichokiona. Bega, si goti. Hadithi za goti nimeshiba.

Mama Mitumba (Kisumu)
Pole fundi. Mimi ni mwaka jana, bega la kushoto, hili la kubebea mabelo pale Kibuye. Walinikalisha kwenye stuli, wakasugua ngozi kwa dawa, daktari akaniwekea begani ile mashine ya altrasaundi yenye ute baridi, sindano akaiingiza kwa nyuma huku macho yake yakiwa kwenye skrini. Sikusikia uchungu sana, nilisikia kujaa, kama mpira unaotiwa pumzi.

Dakika kumi baadaye nainua mkono, nagusa kilemba changu! Nikapiga simu nyumbani nikitangaza muujiza. Kumbe ilikuwa ganzi tu, huwa wanaichanganya na steroidi. Usiku ilipoisha bega liliwaka kuliko siku zote. Siku ya tatu likaanza kupoa, na wiki ya pili nikawa nafunga sidiria mwenyewe (wanaume mtanisamehe, lakini hicho ndicho kipimo cha bega). Raha ilidumu kama miezi miwili na nusu.

Sasa sikilizeni. Nina kisukari na hakuna aliyeniuliza. Asubuhi sukari yangu husoma 7 au 8. Kesho yake mashine ikasoma 16. Nikadhani imeharibika, nikamdunga mzee wangu kidole, yeye akasoma 5. Ilichukua siku tano kushuka. Mwenye sukari ajitaje mwenyewe kabla dawa haijavutwa.

Baba Wanne (Kitale)
Mnatishana bure. Mimi bega likinisumbua naingia kemisti, nadungwa, nalipa, naenda zangu. Siku mbili niko sawa.

Wa Mazoezi (Kakamega)
Baba Wanne, hudungwa sehemu gani?

Baba Wanne (Kitale)
Makalioni, wapi tena?

Wa Mazoezi (Kakamega)
Basi hiyo si hii. Hiyo aghalabu ni diklofenaki, dawa ya maumivu, inazunguka na damu mwili mzima, na ukiizoea deni linalipwa na tumbo na figo. Uliza jina la dawa siku nyingine, usilipie sindano usiyoijua.

Fundi, mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo, nawapokea wengi baada ya sindano. Kwanza muulize daktari anadunga kiungo kipi. Begani kuna kile kikubwa, kichwa cha mfupa wa mkono kinapokaa, na kile kidogo juu kabisa, mtulinga unapokutana na kombe la bega. Dawa ikienda kusiko, utasema sindano ni uongo.

Pili, steroidi haioteshi gegedu. Inatuliza uvimbe wa ndani, basi. Ikizidi inaweza hata kulidhuru gegedu lililobaki, ndiyo maana madaktari wengi hawapiti mara 3 au 4 kwa mwaka kwenye kiungo kimoja. Zile wiki za nafuu ndizo za kufanya mazoezi. Inama, mkono uning'inie kama ndoo kwenye kamba ya kisima, uzungushe polepole. Watu wangu wakipoa tu wanakimbilia jembe, tunaonana tena bega limekaza kuliko mwanzo.

Jina Kapuni
Nimefungua akaunti hii kwa ajili ya uzi huu tu. Natumia ARV, dawa za virusi vya ukimwi, zile za mstari wa pili (unazopewa za kwanza zikishindwa) zenye ritonaviri. Nilidungwa steroidi iitwayo triamsinoloni begani. Baada ya wiki kadhaa uso ukawa mviringo, presha ikapanda, nguvu za miguu zikaisha. Kliniki yangu ndiyo iliyogundua: ritonaviri inalizuia ini kuivunja ile steroidi, kwa hiyo ikakaa mwilini na kufanya kazi kama nimemeza dozi kubwa kila siku. Daktari wa bega hakujua kwa sababu sikumwambia. Ndani ya chumba kulikuwa na muuguzi wa kijijini kwetu. Leo ningeandika kwenye karatasi nikamkabidhi daktari mkononi.

Mama Mitumba (Kisumu)
Asante sana kwa kusema. Mimi ningenyamaza pia.

Kijana wa Butere
Naandika kwa niaba ya baba, miaka 71. Sindano ya kwanza ilimpa miezi miwili. Ya pili, wiki tatu. Iliacha doa jeupe begani ukubwa wa sarafu ya ishirini, majirani wakaanza kunong'ona mambo yao. Linafifia pole pole. Tulipotaka ya tatu, mpasuaji akakataa: kama operesheni ya kubadilisha kiungo iko njiani, anataka ipite miezi 3 tangu sindano ya mwisho, kwa kuogopa maambukizi. Sasa mzee anahesabu kwa kalenda ya ukutani, na anaivuta tarehe mbele kila nikitoka chumbani.

Kuna anayejua zile sindano za jeli?

Wa Mazoezi (Kakamega)
Hyaluroniki. Nyingine hutolewa kwenye upanga wa jogoo, kile kishungi chekundu kichwani, ndiyo, huyu huyu wa kuwika. Kwa bega ushahidi wake si mzito na bei ni nzito. Mwambie mzee asubiri operesheni.

Fundi Randa (Nakuru)
Nimewasoma wote. Sina sukari, lakini nitapima kabla. Nadungwa Jumanne. Naweza kurudi na matatu?

Mama Mitumba (Kisumu)
Unaweza, ila usiendeshe wewe. Na homa ikikushika au bega likawa jekundu na moto siku zinazofuata, rudi hospitali saa hiyo hiyo, usingoje tukujibu hapa. Ndani ya matatu kaa kulia, dirishani, makanga asikupitie begani.

Baba Wanne (Kitale)
Dirishani? Na yale matuta? Bega litagonga bodi mpaka ajute. Akae kushoto.

Mama Mitumba (Kisumu)
Akunje sweta aliweke katikati.