Nimelipa zaidi ya milioni kusomea uuguzi msaidizi wa dharura, nimeambulia kupiga deki

Assalaamu alaykum wanajamvi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Naandika niko Chake Chake, Pemba, hasira zimenijaa, mkikuta maneno yamepinda mtanisamehe.

Kwanza mjue nilifikaje huko. Kidato cha nne nilitoka na D ya Baiolojia na D ya Kemia, Fizikia nikapata F. Anayezijua habari za vyuo vya uuguzi keshanielewa: masomo hayo matatu wanayataka yote, na F hawaipokei. Nimekaa nyumbani mwaka na nusu nachambua karafuu za watu kwa ujira. Ndipo nikaliona tangazo kwenye status ya WhatsApp ya binamu yangu, na wiki ya pili nikalikuta limetundikwa njiani kwa macho yangu: Uuguzi Msaidizi, Huduma za Dharura na Wagonjwa Mahututi, mwaka mmoja, Fizikia si lazima, ajira nje nje. Picha ya binti kavaa nguo za kijani, kipimo cha daktari shingoni, nyuma yake mashine zinawaka taa. Wallahi nilijiona mie pale.

Jina la chuo silitaji, wala sisemi kiko kisiwa gani. Waliosoma pale watakijua kwa hiyo picha.

Tulikwenda na mama. Mkurugenzi akatupokea vizuri, soda baridi mezani, "binti yetu, binti yetu" kila neno la tatu. Ada Sh 850,000. Sare 60,000. Mtihani 50,000. Na kitu kinaitwa mchango wa mazoezi ya hospitali, 120,000. Jumla 1,080,000. Tuliambiwa miezi mitatu ya mazoezi katika kitengo cha dharura, maabara ina kila kitu, na mwisho wa mwaka tutajua kuchoma sindano na kuweka dripu. Mama alipolisikia la dripu akaona huyu mtoto keshakuwa daktari. Mikarafuu aliyotuachia baba ikatoa karibu nusu ya pesa, nusu nyengine mama akaomba wenziwe wampe mchezo kabla ya zamu yake. Mpaka leo anawalipa.

Hilo la sindano na dripu nimekuja kulijua baadaye, na linanichoma kuliko yote. Muuguzi msaidizi hachomi sindano wala haweki dripu! Hiyo ni kazi ya muuguzi aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, mwenye leseni yake. Mie nikikutwa na bomba la sindano mkononi ni kosa. Kwa hiyo walituuzia kitu ambacho hata wangetufundisha tusingeruhusiwa kukifanya, na zile kazi zetu hasa ndizo hawakutufundisha.

Darasani tulikuwa 43. Mashine ya presha moja, ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, betri zikifa tunachangishana mia mbili mbili. Kuna dami, sanamu la mtu la kufanyia mazoezi ya kushtua moyo, nalo lina kisa chake. Lilikaa juu ya kabati, ndani ya nailoni lililokuja nayo. Kila tukiuliza tunaambiwa mwenye ufunguo kasafiri. Ufunguo wa nini, dami liko juu ya kabati? Siku wageni walipokuja kutembelea liliteremshwa, likafutwa vumbi, tukapigwa picha tumelizunguka, likarudi juu na nailoni yake. Ile kanuni ya kukandamiza kifua mara 30 na kupuliza pumzi 2, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, nimejifunza kwenye simu, mazoezi nimefanyia mto wa kulalia. Mto haukwambii kama mikono yako imezama sentimita tano au mbili.

Mwalimu wa somo la dharura alikuwa anasoma kutoka kwenye simu yake, sie tunaandika. Mchana kutwa imla kama skuli ya msingi. Daftari ninazo tatu, zimejaa. Naweza kukwambia bila kuangalia kwamba mtu mzima anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika na moyo wake unapiga mara 60 hadi 100. Lakini katika mwaka mzima hakuna siku niliyoambiwa shika saa, mtazame mwenzako kifua, hesabu.

Mazoezi ya miezi mitatu yakawa wiki tatu. Tulipofika hospitali na barua yetu, muuguzi dhamana akaisoma mara mbili, akatutazama. "Barua hii inasema mmejitolea kusaidia usafi." Tukadhani anatutania. Akatugeuzia karatasi tukaisoma wenyewe, muhuri wa chuo uko pale pale. Tukapewa ndoo na mafagio. Wale wanafunzi wa vyuo vyenye makubaliano na hospitali wana kitabu cha mazoezi, kila kazi wakiifanya wanasainiwa. Sie hatuna kitabu, hatuna mwalimu wa kutufuata, glovu tunanunua duka la dawa nje ya geti. Chanjo ya homa ya ini aina B, ambayo mtu anayegusa damu za watu anatakiwa awe nayo, sindano ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita, hata moja hatukupigwa. Hatukujua kama ipo.

Sasa nakuja kwenye usiku ulionifanya niandike.

Ilikuwa wiki ya pili, zamu ya usiku, wauguzi wawili na wodi imejaa. Mmoja akanambia nisaidie kuchukua vipimo, niandike kwenye chati. Nikafurahi, nimeacha ndoo. Joto nikapima. Presha nikapima. Kwenye safu ya pumzi nikatazama chati za juu: 20, 20, 20, 20. Wodi nzima inapumua ishirini. Nami nikaandika 20. Nikafika kitanda cha karibu na dirisha, mama wa makamo, kaletwa jioni kwa homa na kikohozi, piko, ile rangi ya urembo, bado jeusi tii kwenye kucha, ametoka harusini juzi. Amekaa nusu, kainamia mbele, kanga imemteleza begani. Nikaandika 20, nikapita.

Muuguzi mkubwa alikuwa mlangoni. Mama mtu mzima, hapandishi sauti. Akaja na saa yake ya kubandika kifuani, akamshika yule mgonjwa mkono kama anayepima mapigo, huku macho yako kwenye kifua. Akanyamaza dakika nzima. Mie nimesimama na kalamu.

"Thalathini na nne," akasema. "Hii ishirini umeitoa wapi, mwanangu?"

Sikuwa na la kujibu. Akachukua kile kibanio cha kupimia oksijeni akakiweka kidoleni, kikaonesha vistari tu. Akatazama kucha, akatikisa kichwa: piko linakizuia kusoma. Akakigeuza kikabana kidole ubavuni badala ya juu ya ukucha, kikasoma 88, oksijeni imeshuka. Kitanda kikainuliwa kichwani, oksijeni ikawekwa, daktari akaitwa. Kichomi, mapafu yote mawili. Yote hayo ndani ya dakika kama kumi, na chati yangu pale mezani inasema 20.

Alipona, alhamdulillah. Lakini mie sikulala siku ile wala ya pili yake. Asubuhi, kabla hajaondoka, yule muuguzi alinikalisha akanifundisha kwa robo saa mambo ambayo 1,080,000 haikunifundisha. Kwamba pumzi ndiyo hubadilika mapema, presha inaweza kuwa nzuri bado na mtu anazidiwa. Kwamba usimwambie mgonjwa unamhesabu pumzi, atabadilisha mwenyewe, ndiyo maana unamshika mkono. Kwamba unahesabu dakika kamili. Kwamba mkanda wa presha haufungwi juu ya mkono wa buibui. Kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili na unamtazama nyonga, mgongo chini na visigino kama pamekuwa pekundu. Kwamba ukiona mtu hayuko sawa na hujui kwa nini, ita, usione haya. Robo saa! Na alikuwa kachoka, ametoka zamu ya usiku.

Basi tumemaliza, tukapewa vyeti, karatasi nzito yenye nakshi za dhahabu. Nimekipeleka hospitali mbili na zahanati moja ya binafsi. Kote wamenirudishia kwa adabu, kozi hiyo hawaitambui. Nimerudi chuoni kuuliza. Safari hii hakuna soda. Mkurugenzi akanambia, "Cheti si ajira, binti yangu," akanionesha kwenye fomu yangu mstari wa chini, herufi ndogo kama chungu: ada ikishalipwa hairudi. Saini ni yangu, sikatai. Ila dakika tano kabla ya kusaini ulikuwa unazungumza habari za dripu, bwana.

NYONGEZA, saa nne usiku:

Nimesoma majibu. Kwa aliyeuliza kwa nini sikukagua usajili, nilikagua. Cheti cha usajili kiko ukutani ofisini, kimewekewa kioo, nikaona muhuri nikaridhika. Nilichokuwa sijui ni kwamba chuo kusajiliwa ni jambo moja na kozi kuidhinishwa ni jambo jengine. Wao walisajiliwa kwa ushoni na kompyuta. Kwa hiyo kama una mdogo wako anataka kusoma kitu cha afya, mwende wenyewe Mamlaka ya Mafunzo ya Amali au NACTVET, lile baraza la taifa la elimu ya ufundi, mkaulize kozi yenyewe kwa jina lake, msiulize jina la chuo peke yake. Na mwende Baraza la Wauguzi muulize cheti hicho kitamruhusu afanye nini. Mie niliona haya kuuliza, nilidhani nitaonekana mjuaji.

Kwa yule aliyeandika "kwani msaidizi kazi yake nini kama si deki": ndugu yangu, Mungu akuepushe na kitanda cha wodi. Wodi chafu inaua, deki siidharau, nimepiga na nitapiga. Lakini ukilazwa huwezi kujigeuza, muuguzi mmoja ana wagonjwa thelathini, atakayekuwa karibu yako kukulisha, kukusafisha, kukupima, ni huyo msaidizi. Yeye ndiye wa kwanza kuona midomo yako imebadilika rangi. Sasa omba awe anajua kuhesabu.

Na mliosema nikitaje chuo, sikitaji. Kuna kesi nyepesi na kuna kesi nzito, na mie wakili sina. Ninachotaka ni wenzangu wa mkupuo ule. Kama unayo risiti ya mchango wa mazoezi, ile ya kijani, usiitupe. Kama ulipiga picha ile barua ya "kujitolea usafi", hiyo nzuri zaidi, maana yangu ilibaki hospitali. Niandikieni pembeni. Tuko tisa mpaka sasa, sita Pemba na watatu Unguja, na mmoja wetu ana ami yake anayejua tuanzie ofisi gani. Tutakwenda Jumatatu, nauli kila mtu yake.